Picha Nambari Saba

Jumapili, saa moja na nusu, Ibra,
kiyoyozi kimeshaanza kukohoa
na mimi nimesimama mbele ya darasa la nne
nikijivunia slaidi kumi na mbili
nilizozishona mpaka saa sita usiku:
mishale inaruka, maua yanachanua pembeni,
herufi za manjano juu ya weupe.
Niliziona zinapendeza kama pindo la kanga.

Muhana anakaa dirishani.
Dirisha kwake si la kutazama, ni la joto:
anajua kipindi kimefika wapi
kwa jua linavyompanda mkono.
Kisikizio amekitia sikio moja,
la pili ameniachia mimi.
Tableti yake ilikuja ndani ya boksi
na karatasi ya kutia saini.
Nilitia saini.
Nikadhani kazi imekwisha.

Nikasema, "Tazameni, hii ndiyo falaji."
Ishirini na sita wakatazama.
Muhana akagusa kioo,
na ile sauti ya kike isiyo na mama wala mji
ikamwambia: Picha.
Akatelezesha kidole. Picha.
Picha. Picha. Picha nambari saba.

Hakulia. Laiti angelia.
Alichomoa kisikizio, akaninyooshea:
"Mwalimu, sikiliza wewe. Labda kwako itasema."

Nikasikiliza.
Nikabisha mlango baada ya mlango
katika nyumba niliyoijenga mwenyewe,
na kila mlango ukanijibu: mlango.

Usiku nilimsimulia mama, anachagua mchele.
Nilimsimulia kwa Kiswahili,
maana aibu yangu haijui Kiarabu.
Hakuinua uso kwenye sinia.
"Mgeni umemwalika," alisema, "chakula umepika,
sahani ukaiweka darini.
Sasa unashangaa hajala?"

Jumatatu nikafuta mishale.
Maua nikayang'oa.
Herufi nikazivika nyeusi,
na kule nyuma Shinuna,
niliyemwandika mwaka mzima "mvivu wa kusoma",
akasoma mstari mzima bila kukunja uso.
Sikusema kitu.
Nilikwenda kufungua dirisha, nikalifunga.

Chini ya kila picha kuna kisanduku kitupu.
Kilikuwepo siku zote, kinauliza: hapa pana nini?
Nikawapa watoto wakijaze.

"Falaji," akasema Thuwaini.
Haitoshi.
"Maji kwenye mfereji."
Haijatosha.
"Maji membamba, kuta za mawe,
na mtende umeinama kama mtu aliyeangusha pete."
Wakagombana, maji ni ya kijani au hayana rangi,
wakagombana mpaka mwalimu wa chumba cha pili
akagonga ukuta.

Muhana aliwaacha wamalize.
"Mmesahau uvuguvugu," akasema.
"Falaji ya kwa babu, Mudhairib,
asubuhi ya baridi ukitia mguu
maji yana joto la chai iliyosahauliwa.
Na hayanguruma. Yanakwenda
kama mtu anayehesabu pesa asisikiwe.
Na mawe yanateleza upande mmoja tu,
upande wanaofulia."

Tulikuwa na macho hamsini na mbili,
na jicho la mwalimu, na miwani yake;
hakuna aliyeliona hilo la upande mmoja.
Nikakuza picha. Kweli. Lile jiwe linang'aa.

Tukaandika yote. Kisanduku kikakataa, maneno yamezidi.
Tukapunguza huku tukivutana.
Mmoja alitaka kuutoa mtende, tukamshinda.
Kisha nikamwomba Muhana achomoe waya,
sauti itoke darasa zima isikie,
na yule mwanamke asiye na mji akasoma,
akasoma vizuri, mpaka alipofika Mudhairib
akaivunja vipande vitatu kama biskuti.
Darasa likacheka. Muhana akamfundisha jina,
silabi kwa silabi, kwa subira
ambayo mimi sikumwonyesha Shinuna.

Zimebaki slaidi tano.
Mtihani uko karibu na niko nyuma ya ratiba,
mkaguzi akija sina la kumweleza.
Nikaanza kukusanya vitu vyangu.

Jua lilikuwa kwenye kiwiko cha Muhana.
"Bado dakika kumi," akasema.
"Ya nane ina nini?"